Kardani ikitetemeka simama: namna ya kuikagua na kuifungia pete ya usalama kwa motoka ya nguvu

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kila mwenye anapenda motoka za turbo, leo naandika juu ya kile chuma kirefu kinachozunguka chini ya viti vyetu na hakuna mutu anakiangalia mpaka siku kinavunjika. Nasema kardani, ile inayopeleka nguvu ya motere kutoka buati (giaboksi) mpaka magurudumu ya nyuma. Watu wanatia turbo kubwa, wanabadilisha ekzosi, wananunua mipira mipana, lakini ukiwauliza kardani yao ilitiwa grisi lini wanakutazama tu.

Yangu ilivunjika barabara ya Likasi, nikirudi Lubumbashi na mdogo wangu. Ilikuwa Toyota Mark II yenye motere ya turbo ya 1JZ, mwanzo ilikuwa otomatike, nikatia buati ya mukono ya R154. Urefu wa buati haukuwa sawa na ile ya kwanza, basi garaji moja ikanikatia kardani: ya kiwanda ilikuwa vipande viwili na palye katikati (kishikio chenye rulema ndani ya mpira), wao wakatoa palye, wakachomelea bomba moja refu la unene uleule, wakaniambia hivi iko nyepesi zaidi. Kuanzia 110 ilikuwa inatetemeka. Nikasema ni mipira, nikafanya ekilibraji (kusawazisha uzito) mara mbili, bado. Kiisha nikazoea. Kosa langu lote liko pale, nilizoea. Siku ile tuko kwa 130 hivi nikasikia mlio mmoja kama mutu amepiga pipa kwa nyundo, halafu mingine mingi haraka haraka kati ya viti vyetu, krwaziyo ya mbele (kile kiungo cha msalaba kinachoruhusu kardani ijikunje) imeachia na bomba linapiga sakafu. Tuliposimama kulikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja chini ya kapeti, kamba ya freni ya mukono imekatika, na kisigino cha mdogo wangu kimevimba ndani ya kiatu. Mungu alitusaidia ile ncha ya mbele haikuchimba gudro (lami), juu ikichimba, motoka inainuliwa mkia juu ya chuma chake yenyewe.

Kwa hiyo haya ninayoandika fuata yote, usiruke.

Kwanza ujue kardani inabeba nini

1JZ-GTE ya VVT-i ya kiwanda inatoa Nm 378 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kupinda). Wengi wanadhani kardani inapokea hiyo 378, hapana. Vitesi ya kwanza ya R154 ni 3.251, zidisha utapata karibu Nm 1,230 zinazopinda lile bomba, na ponti ya nyuma (wengine wanasema difu) ikiwa ya 4 inazidisha tena mara 4 na kugawia magurudumu mawili, kila kardani fupi ya gurudumu inabeba karibu 2,460. Hiyo ni kabla hujagusa boost, ule msukumo wa hewa ya turbo.

Upande mwingine kuna mwendo. Vitesi ya tano ya buati hiyo ni 0.753, maana yake kardani inazunguka haraka kuliko motere, motere ikiwa 5,000 kardani iko karibu 6,640 kwa dakika. Kwa hiyo inateswa namna mbili, ukiondoka kwa nguvu inapindwa, ukikimbia inataka kujirusha nje. Shika haya mawili kichwani, yote ya chini yanatoka pale.

Hatua ya 1: sikiliza mbele ya kuinua motoka

Kardani haivunjiki bila kusema. Inasema wiki nyingi, wakati mwingine miezi.

Mlio wa "klok" ukitia vitesi au ukirudisha mguu kwenye esansi: krwaziyo imelegea, au buloni, au meno ya ponti yenyewe. Mlio mwembamba wa kulia kama ndege ukienda polepole, unaongezeka na mwendo wa gurudumu: krwaziyo imekauka, hakuna grisi tena. "Tak-tak-tak" ukikata kona: kardani fupi ya gurudumu, kile kichwa cha nje chenye magololi 6. Mtikisiko ukikanyaga esansi na unapotea ukiachia: kichwa cha ndani cha kardani fupi mara nyingi, au palye ya katikati ambayo mpira wake umepasuka.

Sasa ule mtikisiko wa mwendo mkubwa, huu ndio ulinidanganya mimi, kwa hiyo nitaueleza vizuri. Kwa 100 kwa saa, mpira wa kawaida wa 16 unazunguka mara 14 kwa sekunde. Kardani yenye ponti ya 4 inazunguka mara 56. Mpira mbovu unatikisa, unahesabika karibu, unausikia kwa volani kama ni wa mbele. Kardani haitikisi vile, inavuma, unaisikia kwa makalio na kwa miguu, kioo cha ndani kinaanza kuonyesha picha mbili mbili, na sarafu ukiiacha kwenye kisahani cha katikati inaimba. Nilikuwa nasikia ile sarafu kila siku nikaitoa na kuitia mfukoni.

Jaribio: barabara tupu na iliyonyooka, mchana, fika mwendo ambao inaanza, usizidishe, kiisha weka nyutro na uache iteleze. Mvumo ukikata pale pale, tafuta kwa motere au buati, au kwa vile vya mtikisiko wa esansi niliyosema hapo juu. Mvumo ukibaki na motere iko ralanti (inazunguka polepole bila esansi), shida iko nyuma ya buati: kardani, ponti, ao mipira. Jaribio hili lifanye mara moja tu, si kila siku, na kama tayari umesikia "klok" nzito usilifanye kabisa, nenda hatua ya 2.

Hatua ya 2: inua motoka bila kuua mutu

Hapa nataka unisikilize sana kijana, juu watu wengi wanaamini ile P (ya kuegesha) ya otomatike.

P inashika shafti ya buati, haishiki gurudumu. Kati ya buati na gurudumu kuna kardani na ponti. Kardani ikiwa imekatika, P haifungi kitu, motoka inatembea. Hata kardani ikiwa nzima, ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, ponti ya kawaida inaruhusu lile la hewani kuzunguka kinyume na motoka inaondoka juu ya kriki. Mwaka 2022 Ford iliita zirudi Explorer zaidi ya 250,000 za 2020 mpaka 2022 kule Marekani, buloni moja ya ponti ya nyuma ilikuwa inaweza kukatika, kardani ikaachana, na gari lililowekwa P likaweza kutembea peke yake. Kampuni kubwa, magari mapya, na ni buloni moja.

Na kwa wenye Canter au Land Rover Defender ya zamani: freni ya mukono ya hizo inashika kardani yenyewe nyuma ya buati, haishiki magurudumu. Siku unafungua kardani umefungua na freni ya mukono. Weka hilo akilini mbele ya kushika kle (spana).

Basi fanya hivi. Fasi ya sementi iliyo sawa, na kama hauna sementi, juu ya udongo wetu huu mwekundu weka mbao nene chini ya kriki (jeki) na chini ya kila shandeli (mguu wa chuma wa kushikilia motoka), hasa kipindi cha mvua ambapo chini inazama polepole bila wewe kuona. Magurudumu ya mbele uyatie vizuizi vya mbao pande zote mbili. Inua nyuma yote, shandeli mbili, sukuma motoka kwa bega mbele ya kuingia chini. Kriki peke yake haitoshi hata kama ni dakika mbili, hata kama unachungulia tu.

Kiisha zima motere. Nimeona batoto ba garaji wanaacha motere inazunguka na vitesi ndani ili "waone" kardani ikitetemeka, wao wako chini na sweta yenye kamba. Hata ralanti kwa vitesi ya nne ile chuma inazunguka karibu mara 800 kwa dakika, ikishika kamba ya sweta inamaliza kuizungusha mbele hujasema neno. Kardani inakaguliwa kwa mukono, motere imezimwa, funguo mfukoni mwako.

Hatua ya 3: angalia na uguse

Weka nyutro sasa (ndiyo maana ya vile vizuizi). Shika bomba kwa mukono mmoja na uma wa krwaziyo kwa mwingine, zungusha kinyume, sukuma juu na chini. Krwaziyo nzuri haina mchezo wowote. Ukisikia hata kamchezo kadogo kama ka jino linalotaka kutoka, imekwisha.

Kisha tazama vile vikombe 4 vya krwaziyo kwa tochi. Krwaziyo inayokufa inatoa unga mwekundu wa kutu pembeni ya kikombe. Lubumbashi hapa kila kitu chini ya motoka ni chekundu, sasa utajuaje? Chukua kitambaa na mazutu kidogo, futa. Udongo wetu unatoka wote na chuma kinabaki cheusi safi. Kutu ya krwaziyo iko laini kama pilipili ya kusaga, ukifuta bado inabaki mstari mwembamba pale kwenye mdomo wa sili, na ukizungusha motoka siku mbili tatu inarudi fasi ile ile. Kikiwa hivyo grisi haiokoi tena, zile sindano za ndani zimeshakula chuma.

Bomba: pitisha kiganja urefu wote. Dodani za mjini zinapiga kardani za motoka zilizoshushwa, na bomba likibonyea hata kidogo, ekilibraji imekufa na nguvu imepungua. Angalia rangi karibu na mshono wa kuchomelea, ufa wa rangi unaozunguka bomba kama nyoka kwenye mti unasema bomba limepindwa. Mimi sasa nachora mstari mmoja mweupe ulionyooka kutoka mwisho mpaka mwisho, nikikuta siku moja mstari umezunguka najua chuma kimepinda na hakikurudi, ile kardani siitumii tena.

Palye ya katikati: mpira wake usiwe na nyufa, rulema yake isikwaruze. BMW na Mercedes nyingi zina duara la mpira mbele ya kardani, linapasuka kati ya buloni na buloni, libonyeze kwa bisibisi uone. Mipira inayofunika vichwa vya kardani fupi, ukiona grisi imerushwa ndani ya rimu, mpira umeshakatika na mchanga umeshaingia.

Na buloni zote. Zote.

Hatua ya 4: kuitoa

Mbele ya kulegeza kitu chochote tia alama za rangi kwa kila mahali ambapo vipande vinakutana, flanji (sahani ya buloni) kwa flanji, uma kwa uma, bomba kwa bomba. Irudi vilevile ilivyokuwa. Kardani ya krwaziyo haizunguki kwa mwendo sawa, kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili, na krwaziyo ya upande wa pili ndiyo inasawazisha, basi ukifunga uma moja nje ya mstari wa mwenzake umejitengenezea mtikisiko ambao hakuna mashine ya ekilibraji itautoa.

Ikichomoka nyuma ya buati mafuta yatatoka, funga pale kwa plastiki na kipande cha shambrea. Usiiache ininginie upande mmoja, na bomba lake usilipige nyundo wala kulibana kwenye eto (jiliwa).

Hatua ya 5: kutengeneza, na mambo ya kukataa

Krwaziyo nunua mpya, ya okazio achana nayo. Ukitia grisi, pampu mpaka uone inatoka kwa vikombe vyote 4, ikitoka kwa vitatu kile cha nne ndicho kitakuvunjia. Buloni na ekru mpya, zifungwe kwa kle ya kipimo kwa namba ya kitabu cha motoka yako.

Kukata na kurefusha: hapa ndipo nililipa, basi sikiliza. Umeona watoto wanazungusha kamba ya kuruka? Kamba fupi inabaki imenyooka, ndefu inafanya tumbo. Bomba la kardani ni vilevile, kuna mwendo ambao likifika linaanza kufanya tumbo lenyewe, hata likiwa na ekilibraji nzuri kabisa, na tumbo likianza haliachi mpaka livunje kitu. Mwendo huo unashuka kwa urefu mara urefu. Ukirefusha bomba kwa 20% tu, mwendo wa hatari unashuka kwa karibu 30%. Kwa hesabu, bomba la chuma la mita 1.5 lenye upana wa mm 76 na unene wa mm 2 linafikia hatari karibu na 5,700 kwa dakika, na hauruhusiwi hata kulikaribia, watengenezaji wengi wanakaa kwenye robo tatu ya hapo. Sasa rudi juu uangalie ile 6,640. Unaelewa kwa nini kiwanda kiligawa vipande viwili na kutia palye katikati? Waliotoa palye yangu wakasema ni uzito wa bure hawakuwa na nia mbaya, hawakujua, na mimi sikuuliza.

Kama unataka kipande kimoja inawezekana, lakini bomba lazima liwe pana zaidi, lichomelewe likiwa linazungushwa kwenye mashine lisipinde, kiisha lifanyiwe ekilibraji kwa mwendo. Uliza swali moja: "Papa, mashine ya kuzungusha kardani iko wapi nione?" Akikuonyesha grinda na kiti cha kuchomelea, sema asante na ubebe chuma chako. Wale wanaotengeneza kardani za malori makubwa mara nyingi ndio wenye vifaa. Za karboni, kama ya Nissan GT-R R35, hazichomelewi na mutu yeyote, ikipata jeraha ni kubadilisha tu.

Hatua ya 6: pete ya usalama

Hii ndiyo ningekuwa nayo siku ile mdogo wangu angetembea vizuri. Ni pete ya chuma inayozunguka kardani karibu na krwaziyo ya mbele, haigusi kitu, inangoja. Krwaziyo ya nyuma ikikatika bomba linaburuzwa, ni mbaya lakini linaburuzwa. Ya mbele ikikatika ncha inaanguka na kutazama mbele kama mkuki.

NHRA, wale wa mbio za drag Marekani, wanailazimisha kwa motoka zenye mipira ya slick zinazomaliza robo maili kwa sekunde 13.99 au chini. Vipimo vyao vichukue hivyo hivyo: chuma cha unene wa inchi 1/4 (mm 6 na kidogo) na upana wa inchi 2 (sm 5), kizunguke digrii 360, kikae ndani ya inchi 6, yaani sm 15, kutoka krwaziyo ya mbele. Pete nusu, ya chini tu, haitoshi, juu bomba lililokatika linapiga juu kwenye sakafu, na sakafu ndiyo iko chini ya miguu yako.

Namna ya kuifunga: tengeneza vipande viwili vya nusu duara vinavyofungwa kwa buloni ili kardani iweze kutoka siku nyingine. Ifunge kwa shasi au kwa sakafu ikiwa na sahani ya chuma upande wa ndani, buloni za 8.8 au zaidi, usitumie riveti. Acha nafasi ya sm 2 au 3 kuzunguka kardani yote, kisha shusha motoka kwa magurudumu yake na utie watu wanne ndani, angalia tena, juu kwa motoka ambazo ponti inacheza, kardani inapanda na kushuka nayo. Isiguse ekzosi. Ukitoboa sakafu, kwanza ingia chini uone tiyo za esansi na za freni zinapita wapi. Kardani ya vipande viwili iweke pete mbili, moja mbele na moja karibu na palye.

Ifunge mbele ya kuongeza boost. Watu wanasema nitafunga baadaye nikipata pesa, lakini pesa ya turbo ilipatikana.

Hatua ya 7: ikikuvunjikia ukiwa njiani

Utasikia mlio, motere itapanda mizunguko bila kusukuma motoka. Toa mguu kwenye esansi pale pale, usijaribu "kuona kama itashika", kila mzunguko unampiga mutu mwingine ndani. Kanyaga ambrayaji au weka nyutro. Shika volani imenyooka, freni kwa upole na kwa kuendelea, usiikandamize ghafla. Pedali ikienda mpaka chini tiyo imekatwa, pampu haraka na vuta freni ya mukono kidogo kidogo, kama kamba yake bado ipo. Mimi ilikuwa imekatika na pedali ilikuwa inafanya kazi, wewe unaweza kupata kinyume.

Ukisimama, tia mawe kwa magurudumu mbele ya kitu kingine, wala usitegemee vitesi ao P. Ukisikia harufu ya esansi zima yote, watu watoke, waende mbali upande wa majani na wasivuke barabara, malori ya shaba barabara ile hayasimami haraka. Pembetatu iweke mbali. Na usiingie chini ya motoka pale kando ya barabara, hata kama kardani inaburuza. Ngoja ivutwe mpaka fasi salama, na mbele ya kuvuta mwendo mrefu ile kardani itolewe yote.

Nyuma ya kufunga upya

Piga rangi kidogo kwa kila ekru, mstari mmoja unaopita ekru na flanji. Endesha kilomita 50 bila kuzidi 80, bila kuondoka kwa kelele, rudi nyumbani, inua tena kwa shandeli zako, vizuizi tena, na uangalie ile mistari moja moja kwa tochi. Iliyovunjika katikati ekru imezunguka: hiyo ibadilishe, usiikaze tu. Kiisha kilomita 500, angalia tena. Ya kwangu sasa iko vipande viwili kama kiwanda kilivyotaka, palye mpya, pete mbili, na ile sarafu niliirudisha kwenye kisahani chake. Inakaa kimya mpaka Likasi.